Kufundisha vitenzi vya Kiingereza Lubumbashi: sentensi kwanza, orodha mwisho

Karibu kila kitabu cha Kiingereza kinachopita mikononi mwa wanafunzi wetu hapa Lubumbashi kina kurasa mbili tatu za mwisho zenye safu tatu za vitenzi: begin – began – begun, break – broke – broken, na kuendelea mpaka write. Desturi ya kuzifundisha ni ileile kuanzia Katuba hadi Ruashi: mwalimu anaandika ubaoni, wanafunzi wananakili kwenye kaye (daftari), wiki inayofuata intero, yaani jaribio fupi la darasani. Mtoto anapata nane juu ya kumi. Dakika tano baadaye unamuuliza kwa Kiingereza Jumapili alifanya nini, anakujibu “I go to church” au “I have go to church”. Orodha anayo kichwani, lakini haimfikii mdomoni anapoihitaji.

Ninaandika haya kwa mwalimu mwenzangu mwenye ubao, chaki na darasa lililojaa, ambapo huenda kitabu ni kimoja tu, kile alichokishika yeye. Mzazi anayewasaidia watoto nyumbani jioni naye anaweza kuzifuata hatua hizi. Msimamo wangu ni kwamba orodha ni ya kupanga kile ambacho mwanafunzi ameshakisema kwa mdomo wake. Kwa hiyo hapa itakuja mwisho kabisa.

Hatua ya kwanza: anza na lugha walizokuja nazo

Mwanafunzi wa Lubumbashi haingii darasani mtupu. Ana Kiswahili cha nyumbani, ana Kifaransa cha shule, na wengi wana Kiluba, Kibemba, Kisanga au lugha nyingine ya ukoo. Tumia hazina hiyo.

Kutoka Kifaransa anajua tayari kwamba kuna vitenzi vya kundi la kwanza, kama parler na chanter, vinavyokwenda vyote njia moja, na kuna vya kundi la tatu, kama venir, prendre na voir, ambavyo kila kimoja kina tabia yake. Mwambie Kiingereza nacho kina pande mbili hizo: vitenzi vinavyofuata kanuni, ambavyo huongezwa -ed tu, na visivyofuata. Maelezo hayo yanatosha. Usitumie saa nzima kwa fasili.

Kisha geukia Kiswahili, na hapa usiharakishe. Uliza darasa: tukimwamuru mtu kusoma tunasemaje? Soma. Kuandika? Andika. Kuimba? Imba. Na kuja? Watasema wote kwa pamoja: njoo! Kwenda? Nenda. Kuleta? Lete, si “leta”. Waulize pia kwa nini tunasema “nilisoma” lakini “nilikula” na “nilikunywa”, ile ku- ikibaki palepale. Hakuna aliyewahi kukaririshwa hayo. Waligundua wapi? Kwa mama, mezani, njiani, kwa kusikia kila siku.

Sasa andika ubaoni vitenzi kumi: be, have, do, say, go, get, make, come, take, see. Ndivyo vinavyotumika kuliko vingine katika Kiingereza, na vyote kumi havifuati kanuni. Si bahati mbaya. Neno linalosemwa kila siku watoto hulipokea kama lilivyo na kulipitisha kwa watoto wao. Neno linalosikika mara chache husahaulika umbo lake la zamani na kuvutwa na kanuni. Kitenzi help zamani kilikuwa na wakati uliopita holp, leo ni helped. Vitenzi vipya navyo huingia moja kwa moja kwenye kanuni: aliyetuma ujumbe kwa simu alifanya nini? He texted.

Mwanafunzi mmoja lazima atauliza: “Prof, kwa nini basi wasiseme goed?” Mpongeze, maana hata watoto wadogo wa Kiingereza husema goed kabla hawajazoea. Umbo went lilitoka kwenye kitenzi kingine cha zamani, wend, likahamia kwa go likabaki. Jibu hilo, endelea.

Hatua ya pili: -ed ifundishwe kwa sikio

Walimu wengi huiona sehemu hii kuwa rahisi na kuipita kwa dakika kumi. Mimi naiona kuwa ndiyo inayoamua kama mwanafunzi ataeleweka au hataeleweka. Ndimi zetu hupenda silabi inayoishia na irabu, kwa hiyo worked inakuwa “wo-ke-di”, washed inakuwa “wo-she-di”. Msikilizaji kutoka ng’ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, yaani Zambia, anasikia maneno asiyoyatambua.

Mwisho huo una sauti tatu. Ni t baada ya sauti zisizotetemesha koo: stopped, worked, laughed, washed, watched. Ni d baada ya zile zinazotetemesha koo, pamoja na irabu: cleaned, called, lived, played. Ni “id” baada ya t au d peke yake: wanted, waited, needed, decided. Ni hapo tu ndipo silabi inapoongezeka.

Waweke vidole kooni watamke s ndefu, kisha z ndefu. Watahisi tofauti mara moja. Kisha wapige makofi kwa silabi: wash, kofi moja, washed, kofi moja tena, want, kofi moja, wanted, makofi mawili. Darasa la watu sitini linaweza kufanya zoezi hili kwa pamoja bila kitabu hata kimoja. Sisitiza kwamba wasikilize sauti, wasitazame herufi: laughed imeandikwa na gh lakini inasikika f, kwa hiyo inapata t.

Kama konsonanti mbili za mwisho bado zinawashinda, weka baada yake neno linaloanza na irabu. “I washed a plate” hutamkwa wosh-ta-pleit. “I worked in a shop” huwa wek-ti-na-shop. Hapo ulimi wetu unafurahi, kwa sababu konsonanti imepata irabu ya kuegemea, na Kiingereza chenyewe hutamkwa hivyo. Wiki moja ya sentensi za namna hii inafanya kazi kuliko maonyo mengi.

Tahajia ipite haraka: like – liked, study – studied lakini play – played, stop – stopped lakini visit – visited kwa kuwa mkazo hauko mwishoni. Mifano mitatu ya kila aina inatosha.

Hatua ya tatu: did kabla ya went

Fundisha swali na ukanushi kabla hujaingia kwenye makundi ya vitenzi visivyofuata kanuni. Sababu ni kosa ambalo kila mwalimu analijua: “Did you went?”, “I didn’t saw.” Mwanafunzi amejitahidi kukumbuka went na saw, anataka kuzitumia kila mahali.

Sentensi ya Kiingereza huonyesha wakati uliopita mahali pamoja tu. Did ikishauchukua, kitenzi kinarudi kwenye umbo lake la mwanzo: Did you go? I didn’t see. Na Kiswahili cha darasani kinafanya jambo la karibu sana na hilo. Tunasema “nilienda”, lakini tukikana hatusemi “silienda”, tunasema “sikuenda”. Ile -li- imeondoka, alama ya wakati imekaa kwingine. Andika jozi hizi mbili ubaoni, moja chini ya nyingine:

Nilienda. I went.
Sikuenda. I didn’t go.

Kisha zoezi la mdomo. Mmoja anasimama: “I went to Likasi.” Jirani yake anauliza: “Did you go to Likasi?” Wa tatu anakana: “No, I didn’t go to Likasi, I went to Kipushi.” Benchi baada ya benchi, kitenzi kikibadilika: I ate bukari (ugali), I saw my uncle, I bought shoes. Angalia kwamba wanalazimika kutumia umbo lililopita na umbo la mwanzo katika pumzi moja. Ndiyo faida yake.

Hatua ya nne: makundi kwa sauti, si kwa alfabeti

Alfabeti inaweka become karibu na bend na bite, vitenzi visivyofanana kwa lolote. Vipange kwa jinsi vinavyolia masikioni. Sita kwa wiki vinatosha. Mwalimu anayetoa ishirini kwa wiki anaandaa intero tu.

Kundi la kwanza halibadiliki: put, cut, cost, shut, hit, hurt, let. Wanafunzi hulipenda, lakini lina ugumu wake uliofichika, kwamba wakati hauonekani kwenye kitenzi. Waonyeshe jozi hii: “She puts salt in the pot” ni kila siku, “She put salt in the pot” ni imepita. Ile s iliyokosekana ndiyo habari yote. Ongeza hapa read, ambayo haibadiliki kwa macho ila hubadilika kwa sikio: ya pili hutamkwa kama rangi nyekundu, red.

Kundi la pili lina umbo moja kwa safu mbili za mwisho, na ndilo kubwa zaidi. Lina familia ndani yake. Ya t fupi: keep – kept, sleep – slept, feel – felt, leave – left, meet – met. Ya d kuwa t: send – sent, spend – spent, lend – lent, build – built. Ya sell – sold na tell – told. Na ile ya tahajia ndefu: buy – bought, bring – brought, think – thought, teach – taught, catch – caught. Familia hii ya mwisho ifundishwe kwa mdomo siku nzima kabla ya kuandikwa, kwa sababu macho yakiona ough ulimi unaganda. Ukiandika kwa Kiswahili “bot, brot, thot”, irabu ikiwa ndefu, umekaribia sana.

Kundi la tatu hubadilika mara mbili. Kuna wimbo wa i-a-u: sing – sang – sung, drink – drank – drunk, begin – began – begun, swim – swam – swum. Kuna wa -en: speak – spoke – spoken, break – broke – broken, steal – stole – stolen, write – wrote – written, eat – ate – eaten, give – gave – given, take – took – taken. Kuna wa -ew na -own: know – knew – known, grow – grew – grown, throw – threw – thrown, na fly – flew – flown. Come na run ni vya ajabu kidogo, vinakwenda na kurudi: come – came – come, run – ran – run.

Be, go na do havina familia. Vipewe nafasi kila siku mpaka vizoeleke.

Makundi yana hatari yake. Mwanafunzi aliyefurahia sing – sang – sung atakutengenezea bring – brang – brung, na aliyeshika teach – taught atakuambia reach – raught. Usikasirike, kwani anafikiri. Ila mkinge mapema kwa kuweka bring daima pamoja na buy, wala si pamoja na sing, na kwa kusema wazi kwamba reach na watch zinafuata kanuni: reached, watched.

Hatua ya tano: safu ya tatu, na mtego wa Kifaransa

Safu ya tatu haina maisha peke yake. Usiifundishe kamwe bila have au be mbele yake. Badala ya “eat – ate – eaten”, darasa liseme “eat, I ate, I have eaten”.

Kosa kubwa kwetu hapa linatoka kwenye passé composé, wakati uliopita wa Kifaransa unaoundwa kwa avoir (have) au être (be). Mwanafunzi anawaza “Je l’ai vu hier” (nilimwona jana), anatoa “I have seen him yesterday”. Kwa Kifaransa ni sawa, kwa Kiingereza si sawa. Palipo na saa au siku iliyokwisha, kama yesterday, last week au in 2010, ni umbo la pili peke yake: I saw him yesterday. Kuna na mtego wa être: kutoka “il est venu” (amekuja) wanatoa “he is come”. Sahihi ni he has come, maana have ndiyo inayobeba vitenzi vyote hapa, hata vya kwenda na kuja.

Dawa iko kwenye Kiswahili chetu. Nyumbani na barabarani tunasema “nilisha kula”. Vitabu vinasema “nimekula” au “nimeshakula”. Anayesema hivyo anataka kusema sasa ameshiba, usimletee sahani. Hiyo ndiyo I have eaten. Lakini “nilikula jana saa mbili usiku” ni I ate. Waulize kwanza kwa Kiswahili: unasema “nilisha” au unasema “nili- … jana”? Wakijibu vizuri, Kiingereza kinafuata.

Tahadhari moja kwa mwalimu: -me- ya Kiswahili haiendi mara zote kwa have. “Amelala” ni he is asleep, “amechoka” ni he is tired, “amekaa” ni he is sitting. Hizo ni hali, si vitendo vilivyomalizika. Zifundishe kando, mbali na somo hili, vinginevyo utapata “he has tired”.

Been na gone ziwekewe dakika tano: “He has gone to Kolwezi”, bado yuko huko, “He has been to Kolwezi”, alienda akarudi. Na usisahau be pamoja na safu ya tatu: I was born in Lubumbashi, my phone was stolen. Sentensi hizo wanazihitaji kweli.

Hatua ya sita: wape hadithi wanayoijua

Sentensi za vitabu zinazungumzia theluji na bibi aliyekwenda London. Sisi tuna Mazembe, timu yetu ya mpira. Andika ubaoni aya hii, ukiacha nafasi tupu mahali pa vitenzi na kuweka umbo la mwanzo pembeni. Hapa chini naiandika ikiwa imejazwa:

“In December 2010 TP Mazembe flew to Abu Dhabi. First they met Pachuca of Mexico and won 1–0. Then they played Internacional of Brazil. Kabangu scored, Kaluyituka scored, and Mazembe beat Internacional 2–0. Kidiaba, the goalkeeper, sat on the grass and bounced. People in Lubumbashi celebrated. Mazembe became the first African team in the final of the Club World Cup. On 18 December they lost 3–0 to Inter Milan.”

Humo mna fly, meet, win, beat, sit, become na lose upande mmoja. Play, score, bounce na celebrate upande wa pili, na sauti zote tatu za -ed zimo: bounced kwa t, played na scored kwa d, celebrated kwa id. Won hutamkwa sawasawa na one, wafanyishe mazoezi ya “won one–nil” mpaka wasione haya. Beat haibadiliki katika umbo la pili, kwa hiyo hapa jina la mwaka ndilo linalosema kwamba imepita.

Utaratibu ni huu: soma kwa sauti mara mbili wasikilize tu, wajaze nafasi wawiliwawili, sahihisheni pamoja, kisha futa ubao. Sasa mmoja asimame asimulie upya kwa maneno yake, wenzake waulize maswali kwa did: Did they win the final? No, they didn’t win, they lost. Vijana ambao hawajawahi kufungua mdomo katika somo la Kiingereza hufungua siku hiyo, wanabishana hadi kengele. Wasiopenda mpira wape hadithi nyingine yenye vitenzi vilevile: safari ya treni, harusi ya dada, siku umeme ulipokatika wakati wa mapishi.

Hatua ya saba: kusahihisha na kupima

Mtu akisimulia usimkate kila neno. Mrudishie kosa lake likiwa swali lililo sahihi. Akisema “I buyed a bag”, wewe uliza: “Oh, you bought a bag? Where?” Wengi hujirekebisha wenyewe: “Yes, I bought it…” Makosa yaliyorudi kwa wengi yaandike ubaoni mwishoni, bila kutaja jina la mtu.

Dakika tano za mwanzo wa kila somo ziwe za vitenzi vya zamani, si vipya: viwili vya jana, viwili vya wiki iliyopita, kimoja cha mwezi uliopita. Uliza kwa sentensi, ujibiwe kwa sentensi.

Intero nayo ibadilike. Badala ya safu tatu za kujaza, toa picha au mwanzo wa hadithi wamalizie kwa sentensi sita, nusu ya alama ziwe za vitenzi. Lakini wanaojiandaa kwa examen d’État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, watakutana na maswali ya kuchagua jibu, na majibu ya uongo hutengenezwa kwa makosa yaleyale ya “didn’t went” na “have saw”. Wape machache ya namna hiyo kila mwezi, na kila mmoja aeleze kwa nini yale mengine hayafai.

Kwa madarasa ya juu kuna jozi zinazochanganya: fall – fell na feel – felt na fill – filled, find – found na found – founded, yaani kuanzisha, lie – lay – lain, kulala chini, na lay – laid – laid, kuweka. Hizi zisiguswe mwaka wa kwanza. Kuhusu learnt na learned, au got na gotten, mwambie mwanafunzi kwamba majirani zetu wa Zambia huandika kwa mtindo wa Uingereza, filamu nyingi anazoziona ni za Marekani, na zote mbili ni sahihi ilimradi asizichanganye katika insha moja.

Sasa orodha. Mwisho wa muhula kila mwanafunzi afungue kurasa nne za nyuma za kaye yake na kuchora safu nne. Tatu ni zile za kawaida; ya nne, pana kuliko zote, ni ya sentensi yake mwenyewe, ya jambo lililomtokea kweli. Avipange kwa makundi, aanze na vile alivyokwisha kuvitumia, aache mistari mitupu chini ya kila kundi kwa vitakavyokuja mwaka ujao. Unapozipitia, usihesabu vitenzi. Soma safu ya nne.